Tundu Pembeni mwa Kiti

Gari lilipoingia uani, mume wangu hakulitazama rangi wala taa. Aliinuka kwa kushika ukuta, akalisogelea polepole, akafungua mlango wa nyuma na kugonga plastiki ya ndani kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Akasikiliza. Kisha akamgeukia binti yetu.

"Mama, hili gari limekwisha kutengenezwa au bado?"

"Limekwisha, Baba."

"Mbona walisahau kuweka ndani?"

Binti yetu wa mwisho alicheka mpaka akaegemea boneti. Nami nilicheka, maana zilikuwa zimepita wiki nyingi bila mzee kufanya mzaha.

Watu wote walimwita Fundi, hata mimi. Kwa miaka arobaini na mmoja kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kwa miaka hiyo yote mimi nilikaa kwenye cherehani ya pili, nikishona mapazia. Yeye aliniita Bi Sindano. Mgeni akija kututembelea, sisi wengine tulimwuliza habari za safari. Fundi alimwuliza habari za kiti.

Mwaka mmoja kabla ya gari hilo, figo zake zilikataa kazi. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa katika mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akikosa mara moja, miguu ilivimba. Akikosa mara mbili, alipumua kama aliyepanda mlima. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba akikosa zaidi ya hapo tujiandae.

Binti yetu ndiye aliyempeleka. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, nami nikiwa pembeni ya mzee, na tulirudi kabla ya saa nane mchana ili yeye aingie zamu yake kwenye duka la dawa. Gari lake la zamani lilikuwa kubwa, na viti vyake Fundi alikuwa amevishona mwenyewe. Ukikaa, unazama kidogo halafu unashikwa, kama mtoto anavyopokewa na mlezi. Lakini gari lile lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Ilifika mahali binti yangu akawa anakula mara moja kwa siku na kusema hana njaa. Mimi ni mama yake, najua njaa yake inavyofanana.

Ndipo akaliuza, akanunua hili la haibridi, linalotumia mafuta na umeme pamoja. Safari tatu za wiki zikawa zinakwenda kwa mafuta ambayo zamani hayakutosha hata mbili. Kwa hesabu ya mwendo, lilikuwa jibu la dua zetu.

Makanika aliyelikagua kabla hatujalinunua alikuja siku ile kuona kama tumeridhika. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Aliosha mikono bombani kabla ya kumpa Fundi mkono. Fundi akamshika hapohapo.

"Hebu nieleze, bwana mkubwa. Sponji ya kiti hiki ni nyembamba kama chapati. Zulia naona mpaka bati. Mlango ukiufunga unalia kama debe. Kwa nini?"

"Mzee, gari hili lina betri kubwa, ipo huku nyuma chini ya kiti. Betri ni nzito na ni ghali. Basi wanaolitengeneza hupunguza pengine. Sponji wanapunguza, zulia wanapunguza, zile pamba za kuzuia kelele wanazitoa. Gari likiwa jepesi, mafuta hayaendi."

"Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi," alisema Fundi.

"Naam, mzee wangu. Umelisema vizuri."

"Lakini mimi si mchukuzi. Mimi ni zile ndizi zilizomo kwenye pakacha."

Tulicheka tena. Wiki ya kwanza tulicheka sana juu ya gari lile.

Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Mwili wa Fundi ulikuwa umekwisha nyama, na kila jiwe la barabarani lilimfikia mfupani. Kelele za matairi ziliingia ndani kama vile tumekaa juu ya magurudumu yenyewe. Baada ya mashine alikuwa hoi, hawezi kukaa wima, akawa analala upande kwenye kiti cha nyuma, kichwa karibu na mlango, miguu mapajani mwangu. Hapo kichwani pake palikuwa na tundu kwenye plastiki, pembeni mwa kiti, lenye vijiti vyembamba kama dirisha dogo. Ndani ya tundu kulikuwa na kitu kinachovuma. Jua likipanda, kilivuma zaidi.

"Hilo tundu linaniimbia sikioni njia nzima," alilalamika. "Ni la ubaridi, lakini ubaridi wenyewe halitoi. Kazi yake kelele tu."

Nilimwekea mto. Nilimkunjia blanketi mara nne. Binti yangu aliendesha polepole mpaka magari ya nyuma yakatupigia honi. Ijumaa moja, tukiwa njiani kurudi, mzee alimwomba asimame. Alishuka, akasimama ukingoni mwa barabara akiwa ameshika mlango, akitetemeka. Tulipoendelea aliomba tena. Mara ya tatu hakuomba kushuka. Alisema tu, macho kayafumba:

"Jumatatu siendi."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nimesema siendi. Mashine naiweza. Kiti hiki siwezi."

Mtu hufikiri kinachomshinda mgonjwa ni ugonjwa. Mume wangu alikuwa tayari kufa kwa sababu ya vidole vitatu vya sponji.

Jumamosi asubuhi sikubembeleza. Baada ya miaka arobaini na mmoja nilijua kwamba ukimbembeleza Fundi anazidi kuwa ukuta. Nilikwenda chumba cha mbele, nikafungua madirisha, nikafuta vumbi kwenye cherehani zote mbili, ile yake nikaitia mafuta na kuizungusha. Aliisikia. Fundi angeisikia cherehani yake hata kaburini.

"Nani anachezea mashine yangu?"

"Mimi. Nataka kumtengenezea binti yako kiti cha gari. Fundi niliyenaye anasema siku hizi kazi imemshinda."

Akaja mlangoni na mkongojo. "Wewe utashona kiti? Wewe mtu wa mapazia?"

"Basi njoo unifundishe, kama unajua."

Ilitosha. Mkono wake wa kushoto ndio madaktari walioutengenezea mshipa wa mashine. Haukuruhusiwa kubeba kitu wala kubanwa. Basi nikawa mkono wake wa kushoto. Yeye alikaa kwenye stuli, akapima, akachora kwa chaki, akakata kwa mkono wa kulia. Mimi nilishika, nikavuta, nikapaka gundi. Tulipofanya kazi hatukuwa na maneno mengi. "Vuta. Legeza. Bana hapo. Acha." Binti yetu alitung'olea kile kiti, tukakivua nguo yake nyembamba. Tulitia sponji ya aina tatu: ngumu chini, ya wastani katikati, na juu ile laini ya kupokea mifupa. Tulitandika pamba nzito chini ya zulia. Milango tuliijaza kwa mabaki ya blanketi, na ile plastiki ngumu ya ubavuni tukaivika kitambaa chenye sponji, rangi ya kahawia, chenye mishono ya almasi.

Jumatatu alikubali kwenda, kwa sharti kwamba tukirudi tuendelee. Jumatano vilevile. Alikuwa anakwenda kwenye mashine kama mtu anayekwenda dukani kununua uzi: haraka haraka, nina kazi nyumbani. Jioni alikula. Usingizi alilala. Nilimsikia akipiga mluzi, jambo ambalo sikulisikia tangu figo zilipokufa.

Alhamisi ya wiki ile tulifika kwenye tundu. Gari lilikuwa uani, limewashwa, binti yetu akijaribu taa. Fundi alinipa kipande cha kitambaa alichokwisha kukipima.

"Hili tunalifunika moja kwa moja. Sponji chini, kitambaa juu. Kichwa changu kitapata mto na kelele zitakwisha."

"Tusiache nafasi kidogo?"

"Ya nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta." Akacheka mwenyewe kwa kupata methali iliyomfaa.

Niliinama kusafisha zile plastiki kabla ya kupaka gundi. Begani nilikuwa na nyuzi zilizokatika, kama kawaida ya mshonaji. Uzi mmoja ulidondoka, lakini haukufika chini. Ulikwenda pembeni ukanata kwenye vijiti vya lile tundu. Nilipoutoa na kuuachia, ukarudi kunata. Nikaelewa kwamba tundu lile halitoi hewa. Linavuta. Na kitu kinachovuta hewa, hata mimi mtu wa mapazia najua, kinaivuta kwa sababu kinaihitaji.

Niligeuka kumwambia. Alikuwa ameinamia kitambaa, akipitisha kidole gumba juu ya mshono aliokuwa ameukamilisha kwa mkono mmoja, na uso wake ulikuwa uso wa kijana niliyeolewa naye. Nikawaza: nikimwambia, atasema tufumue ubavu wote, aanze upya. Atachoka. Au atasema basi, kazi imenishinda, na kesho Ijumaa. Nikaufunga ule uzi kwenye pindo la kanga. Nikapaka gundi. Nikabana aliposema bana, nikaacha aliposema acha.

Kwa miezi minne safari zetu zilikuwa safari za raha, kama neno hilo linafaa kwa mgonjwa. Alilala njia nzima. Muuguzi mmoja, yule ambaye siku zote alimwekea Fundi kiti cha mashine kilicho karibu na dirisha bila kuombwa, alitoka nje na koti lake jeupe akaja kujilaza kwenye kiti chetu. "Mzee, mimi sitoki humu," alisema. "Waambieni wagonjwa nimesafiri." Fundi alisimulia maneno hayo kwa kila aliyekanyaga nyumbani.

Kisha likaja joto. Taa ya njano iliwaka mbele ya usukani kwa siku mbili. Binti yetu alipanga kulipeleka gari kwa makanika Jumamosi. Halikufika Jumamosi. Ijumaa asubuhi, kabla hatujafika nusu ya njia, gari lilipoteza nguvu, likajikokota, likazimika. Dereva wa lori la mchanga alisimama, akambeba Fundi mikononi kama mtoto mchanga na kumweka mbele, akatupeleka hadi mlangoni mwa hospitali, akakataa hata kunywa maji. Tulichelewa. Kiti cha mashine kilikuwa kimepewa mtu mwingine, na Fundi akasafishwa saa mbili tu badala ya nne.

Jioni ya siku ya pili makanika alituita mimi na binti yangu karakana kwake. Alikuwa amefungua ubavu wa gari. Kile kitambaa chetu cha kahawia kilikuwa mezani, upande wa ndani ukiwa juu. Katikati ya sponji vumbi lilikuwa limechora vile vijiti, mstari kwa mstari.

"Mama," alisema, na alikuwa akijifuta mikono iliyokwisha kuwa safi, "hapa ndipo betri inapopatia hewa. Kuna feni ndani inavuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Ilizibwa. Betri imejipika yenyewe." Akaufuata mstari mmoja wa vumbi kwa kidole. "Kosa ni langu. Siku ile mzee aliponiuliza, ningesema neno moja tu kuhusu tundu hili. Sikuwaza kama kuna mtu angelifunika."

Hakuna mtu mwingine ambaye angelifunika. Mtu wa kawaida angelivumilia tu. Ni sisi peke yetu, wazee wawili wasioweza kuona plastiki tupu bila kuivika nguo.

Betri mpya ilikuwa nje kabisa ya uwezo wetu. Binti yangu aliisoma ile karatasi ya bei, akaikunja mara mbili, akaniambia, "Mama, twende nyumbani. Na Baba asijue." Hakuuliza nani alipaka gundi. Mpaka leo hajawahi kuuliza.

Tulimwambia Fundi kwamba betri ilikuwa kuukuu tangu tuliponunua gari. Makanika alikuja mwenyewe kuthibitisha, masikini, mtu asiyejua kudanganya, akawa anaongea na mkongojo badala ya mwenyewe. Gari tulimwuzia yeye kama lilivyo. Tukaanza kwenda kwa basi. Basi huondoka likijaa, na mashine haisubiri basi. Katika wiki tatu Fundi alikosa mara mbili, na mara nyingine mbili akapata nusu. Miguu yake ilikuwa inang'aa kwa kuvimba. Kila nilipoikanda, kidole changu kiliacha shimo, na mimi nilijua shimo hilo nililichimba kwa gundi.

Ndipo akatokea Posta. Ndivyo tulivyomwita, maana alipeleka barua maisha yake yote kabla ya kustaafu. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo kama Fundi, siku zilezile, mashine ya jirani, nao walikuja kwa gari la haibridi la aina ileile, viti vilevile vya chapati. Jumatatu moja alitufuata kwenye benchi la hospitali.

"Fundi, mke wangu ananilaumu kila tukipita tuta. Anasema nimemwoa na kumtupa kwenye beseni. Nimesikia sifa za kile kiti chako. Nishonee kama kile, nami nitawapitia nyumbani kila safari. Mafuta hayaongezeki sana, gari lenyewe unalijua."

Nilimwona Fundi akinyooka mgongo. "Kama kile kile?"

"Kama kile kile, mzee. Usibadilishe hata uzi."

Njia nzima ndani ya basi alikuwa akinichorea mishono kwenye goti langu. Na mimi nilijua tundu lile halifai kufunikwa tena. Nilitafuta namna. Nilifikiria nitampigia Posta kwa siri. Nilifikiria nitalitoboa lile tundu mzee akiwa usingizini, kwa kisu, nyuma ya kitambaa. Lakini kitambaa kingeonyesha, na Fundi huona mshono uliogeuzwa kabla hajavaa miwani.

Jumanne Posta alileta gari na kutuachia. Tulikuwa chumba cha mbele. Fundi alikuwa na chaki mkononi, kitambaa kimetandazwa.

"Hapa," alisema, "tunafunika kama lile la kwanza."

"Fundi," nikasema, "tusilifunike."

"Umeanza. Kwa nini?"

"Lile tundu ndilo pua ya betri. Tulilifunika, betri ikafa. Haikuwa kuukuu."

Aliweka chaki chini taratibu. Alinitazama bila hasira, kama anasoma kipimo.

"Nani kasema?"

"Makanika. Kitambaa chetu nilikiona kwa macho yangu, kimejaa vumbi lote lililotaka kupita."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeliua lile gari."

"Hapana. Mimi." Na hapo nikamwambia yote: ule uzi ulivyodondoka, ulivyonata, nilivyoutoa na kurudi tena.

"Uliona lini?"

"Siku ileile."

"Kabla ya gundi?"

"Kabla ya gundi."

"Kabla ya gundi," alirudia. Katika kazi yetu, kabla ya gundi kila kosa lina dawa. Alikaa kwenye stuli. Akabana ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, ule usioruhusiwa.

"Miaka arobaini na mmoja umeniambia mshono umepinda, nikafumua. Umeniambia mbele ya wateja. Umeniambia mbele ya mama yangu. Niliwahi kukasirika?"

"Ulikasirika kila mara."

"Lakini nilifumua!" Alipiga meza, chaki ikaruka. "Nilifumua kila mara! Sasa hii moja, hii ya mwisho, ukaninyima. Kwa nini?"

"Ulikuwa na furaha."

"Siku ile uliniona mgonjwa. Hukuniona fundi."

Maneno hayo nayasikia hata leo. Nilisema tu kwamba binti yetu na makanika walinyamaza ili asiumie. Likawa kosa la pili.

"Kwa hiyo mlikuwa watatu," alisema, "mnanitazama nikijisifu."

Nililia. Hakunibembeleza. Aliokota chaki, akavuta kitambaa.

"Wewe. Shika hapa."

Hakuniita Bi Sindano tena.

Kile kiti cha Posta tulikishona kwa siku nne, siku za mashine Posta akilichukua gari lake, na sijapata kuona kazi safi kama ile. Kwenye tundu alikata dirisha la mstatili, akalizungushia pindo jembamba lenye waya ndani ili kitambaa kisilegee na kuanguka mbele ya hewa. Pindo lile nililishona kwa mkono, kwa sindano iliyopinda, yeye akitazama kila pigo la sindano. Mara mbili aliniambia nifumue, nikafumua. Mwisho alimwambia binti yetu awashe gari, akaninyooshea kiganja. Nilijua anataka nini. Nikampa uzi. Aliushika mbele ya tundu kwa vidole viwili, tukautazama wote ukilala kuelekea ndani. Aliuachia ukanata. Akautoa, akaujaribu tena, mara nne, mara tano. Kisha akaondoka akaenda kulala bila kula.

Posta alitimiza ahadi. Alfajiri ya siku za mashine alipiga honi mara moja, fupi, ya kistaarabu. Safari ya kwanza nilivaa, nikabeba mto na chupa ya maji kama siku zote. Fundi alisimama mlangoni.

"Wewe baki."

"Nani atakushikia miguu?"

"Baki. Nafasi haitoshi."

Kile kiti kinakaa watu watatu. Mimi ndiye niliyekipima. Nilibaki mlangoni na mto wangu, na mke wa Posta alinipungia mkono kutoka ndani kwa namna ya kuniomba radhi.

Alikwenda safari tatu. Nyumbani alinijibu nilipomwuliza, alikula nilichompa, alisema asante. Kama mpangaji mwenye adabu. Jioni niliketi karibu na kitanda chake, naye hakunifukuza. Nilitaka anitukane. Fundi wa kutukana nilimzoea. Huyu wa kusema asante sikumjua. Nikawa najiambia: mpe wiki, hasira yake haijawahi kupita wiki mbili. Nilikuwa namhesabia siku za hasira, nikasahau kwamba mwili wake nao ulikuwa na hesabu yake.

Jumapili saa kumi na mbili jioni alisema kifua kimebana. Binti yetu alikimbia kutafuta gari. Nilimwinua nikamwegemeza kifuani kwangu, naye aliegemea, uzito wake wote mdogo. Nilimwita. Nilimwambia nisamehe. Sijui kama alisikia. Alikuwa anashughulika na kupumua. Kabla binti yetu hajarudi, shughuli hiyo ilikwisha.

Siku ya kumi na nne ya hasira ingekuwa Jumatatu ile iliyofuata. Kwa vurugu ya watu waliojaa nyumbani, hakuna aliyekumbuka kuwapigia simu Posta na mkewe. Saa kumi na moja alfajiri honi ikalia mara moja, fupi. Wanawake waliokuwa wameketi nami wakageukia mlango. Nikasema, niacheni, nitakwenda mwenyewe.

Posta alikuwa amekwisha kushuka ili amsaidie mzee na ngazi. Aliponiona peke yangu, kichwani nimejifunga kanga ya msiba, akavua kofia. Hakuuliza. Mkewe akafungua mlango wa nyuma kutoka ndani, akasogea.

"Dada, kaa kidogo."

"Mtachelewa mashine."

"Mashine itanivumilia leo. Kaa."

Nikakaa. Akanishika mkono, mkono wake nao una mshipa kama wa Fundi, unatetema chini ya ngozi. Alilia kwanza, ndipo akasema:

"Ijumaa nilimsifu kwa hili pindo hapa. Nikamwambia, Fundi, mkono wako hauzeeki. Akasema si mkono wake. Akasema, 'Huo ni wa mke wangu. Katika wote niliofanya nao kazi, sijaona mshonaji kama yule. Nimemkasirikia, lakini usimwambie mtu.' Tukacheka wote watatu."

"Alisema mke wangu?"

"Alisema mke wangu."

Posta alikuwa amesimama nje, kofia kifuani, akingoja bila haraka. Nilimshukuru mkewe, nikamwambia waende, wasije wakapoteza kiti. Watu huniambia maneno yale yalikuwa msamaha, na kwamba nishukuru. Nashukuru. Lakini mimi nilikuwa nyumbani siku zote zile, nimekaa umbali wa hatua mbili kutoka kitandani kwake, na maneno hayo aliyatoa akawapa watu wengine, barabarani.